Sauti ya Mkaanga Kahawa

Hapana, sauti ya marehemu siifanyi tena. Niombeni ya pasta, ile ya kushuka mteremko kama gari imeishiwa petroli, "Bwanaaa... asifiweee," hiyo nawapatia saa hii. Niombeni ya keateka, yule mwangalizi wa ploti: "Mama, maji ni Jumanne na Ijumaa, mimi si mawingu!" Niombeni ya yule msichana wa saluni hapo chini anayeongelea puani kama alizaliwa na mafua. Hizo zote ziko hapa kooni, zinangoja tu mlango ufunguliwe. Lakini ya mzee wa kahawa, hapana. Maneno yake nitawaambia. Sauti mniachie.

Na pia kahawa si chungu. Najua hiyo ndiyo ingefuata. Chungu ni ile ya mkebe mnayokoroga na maji moto, halafu mnatia sukari vijiko vinne ndio ipite. Hiyo ni jivu limevaa tai. Kahawa iliyokaangwa juzi, ikapumzika siku zake, ikasagwa leo mbele yako, hiyo ukiiweka mdomoni kwanza inakuuma pembeni ya ulimi kama ndimu. Unataka kukasirika. Halafu inalainika, inakuwa kama zambarau, zile zinaacha watoto na ulimi wa buluu. Unameza, unangoja. Hapo ndipo kitu kingine kinakuja kutoka nyuma, polepole, kitamu, kama ulitafuna muwa na umeshautema. Mimi sikukanyaga shule hata siku moja, jina langu nikiandikiwa ukutani nitalipita. Lakini hiyo kahawa naijua. Nilifundishwa na mtu aliyekuwa anaishi hatua tatu kutoka mlango wangu.

Ploti yetu iko Mowlem, hapa Nairobi. Ghorofa ya pili, korido ndefu, kamba za nguo huku na huku, na upepo ukigeuka unatuletea moshi wa taka za Dandora mpaka ndani ya ugali. Mimi nilikuwa nauza nyanya na sukuma hapo chini kwa geti. Wao walikuwa mlango wa kuangaliana na wangu: mzee, mke wake, na msichana wao mmoja ambaye aliolewa akaenda Njiru. Waislamu, watu wa mpakani huko juu kabisa, waliingia Nairobi zamani na begi moja. Mimi Mkamba wa kanisa, mjane tayari wakati huo. Mwaka wa kwanza ilikuwa salamu tu na kuombana kiberiti. Kilichotuunganisha ni pua.

Mzee alikuwa anafanya kazi kwa godauni moja la kahawa huko viwandani. Kazi yake ilikuwa kukaanga sampuli, kahawa kidogo kidogo ya kila shamba, ili wanunuzi waonje kabla hawajanunua. Zile kahawa mbichi zinazobaki alikuwa anaruhusiwa kubeba, kwa vibahasha vya kaki. Basi kila Jumamosi baada ya saa tisa anatoa jiko kwenye korido, anawasha makaa, anaweka kikaango chake chenye mkono wa mbao, anamwaga kahawa ya kijani inayonuka kama nyasi imenyeshewa, halafu, mniamini, anafunga macho.

"Usiangalie," ananiambia siku nilipotoka kuuliza kama nyumba inaungua. "Sikiza."

Nikasikiza. Kahawa ikipata moto inageuka njano, halafu rangi ya mdalasini, halafu inaanza kulia. Tak. Kimya. Tak, tak-tak, kama mtu anavunja njiti za kiberiti kwa chumba kingine. Yeye midomo inacheza, anahesabu kitu, mpaka leo sijui alikuwa anahesabu nini. Halafu anafungua macho, anamwaga kwa ungo, anapepeta, makapi yanapaa juu ya nguo za watu. Na hapo mke wake anaanza ugomvi. Mke wake alitaka kahawa ikae motoni mpaka iwe nyeusi, ing'ae mafuta, vile mama yake alikuwa anafanya.

"Unatupatia mbichi!" Huyo ana sauti ya sufuria ikisuguliwa na mchanga. "Mimi si mbuzi. Mbuzi ndio inakula mbichi."

"Na wewe ukikaanga unanipatia makaa. Lete nyama basi tuchome juu yake."

"Dada, unasikia huyu? Mwanaume anaingia jikoni halafu anaringa!"

Dada ndiyo mimi. Nilikuwa nimeshapatiwa kiti.

Huyo mama naye alikuwa na desturi yake na hakuna mtu angemtoa hapo. Kahawa ikitoka tu motoni, kabla ya ungo, lazima akibebe kile kikaango kikiwa kinafuka na ampitishie kila mtu aliyekaa. Anasimama mbele yako na hasemi kitu. Wewe unavuta moshi kwa mkono uje usoni, unashukuru, ndio anaenda kwa mwingine. Hata kama mko wawili. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya mbu.

Ile ya kunywa sasa ilikuwa kazi ya mzee. Ya leo inaenda mkebeni kupumzika, tunakunywa ya Jumamosi iliyopita. Anapanga vikombe vitatu kwa meza, unga wa kahawa chini, maji ya moto juu, anaacha. Juu inafanya kofia ya povu. Anainama, pua iko ndani karibu ioge, anaipasua ile kofia na mgongo wa kijiko. Anatoa povu. Anangoja tena. Nikamuuliza kama tunakunywa kahawa ama tunangoja izae. Halafu akachota na kijiko cha supu akavuta: fyuuuup! Kelele ya mtoto asiye na adabu. Mke akaangalia dari.

"Ukimeza kama dawa huwezi kujua," akasema. "Vuta na hewa, ifike kila mahali."

Nikavuta. Fyuuuup, yake kabisa, mpaka kile kikohozi kidogo cha mwisho. Alicheka akaweka kikombe chini. "Kumbe tumepata kasuku!" Na kuanzia hapo mimi nikawa kasuku wa nyumba hiyo.

"Haya, kasuku. Usiniambie ni tamu. Niambie ni tamu kama nini."

Nikakaa nayo mdomoni. Najua nini mimi? Najua kitu kimoja, kile ninachouza. Nikamwambia, "Mzee, usinicheke. Nasikia nyanya."

Mke alicheka mpaka akashika mlango. "Huyu amekuja kutuuzia! Ngoja atasikia vitunguu pia!"

Lakini mzee hakucheka. Alivuta tena, akafunga macho, akavuta tena. "Nyanya," akasema. "Ile imeiva sana, ukiiminya inapasuka. Kule kazini wamebishana asubuhi nzima na hakuna aliyeisema." Akanisogezea kikombe kingine kama mtu anasogezea mgeni kuku.

Haki ya Mungu, sijawahi kuambiwa nimepata kitu na mtu yeyote namna hiyo. Nilishuka ngazi kama nimevaa viatu vipya.

Basi ilikuwa miaka hivyo. Alinifundisha kuonja ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, ikiwa baridi, kwa sababu ikipoa ndio inatoa yote. Kahawa nyingine inaanza kama malkia na ikipoa inanuka gunia. Nyingine inaanza na aibu, unasahau kikombe, unarudi baada ya saa moja unakuta ukwaju, unakuta sukari guru, unakuta harufu ya maua ya ndimu na huna hata mtu wa kumwambia. Jumamosi hizo hata moshi wa Dandora ulikuwa unapotea njia. Watu wa ghorofa ya tatu wanainama kwa reli: "Leo ni ya wapi, mzee?" Anawapigia kelele jina la kilima fulani. Na mimi nikishuka kwa geti nawauzia watu nyanya kwa sauti yake: "Usiniambie ni nyekundu! Niambie ni nyekundu kama nini!" Wateja wanakufa na kicheko. Yeye mwenyewe anapita anasikia, anatikisa kichwa.

Alikufa siku ya kazi, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Watu wao hawachelewi. Kufikia saa saba alikuwa mchangani, na kiatu kimoja kilikuwa bado mlangoni.

Mjane wao anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajipaki manukato. Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa natoka. Nikifunga kibanda, navuka korido na sukuma mkononi, nakaa naye. Nilimfanyia pasta. Nilimfanyia keateka akija kuuliza kodi ya marehemu kwa marehemu. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anaangalia mvua.

Siku moja akasema, macho yako chini: "Dada. Sura yake iko kwa kitambulisho. Kanzu yake iko hapo. Sauti yake iko wapi?"

Nikaendelea kuchambua sukuma.

"Jana nilitaka kusikia vile anasema jina yangu. Ilichelewa kuja. Imechelewa kama mtu amekaa mbali. Siku moja nitaita na haitakuja. Mimi naogopa hiyo tu. Kufa, watu wote wanakufa. Hiyo ndiyo naogopa."

Na hakukuwa na mahali pa kuitafuta. Mzee alikuwa na mulika mwizi, simu ya tochi na kupiga basi. Hakuna mtu alifikiria kumrekodi. Nani anarekodi mtu ambaye yuko hapo kila siku anakohoa?

Jumamosi hiyo mjane akatoa jiko mwenyewe. Sio koridoni, ndani, karibu na dirisha. Vibahasha vya kaki vilikuwa vimebaki sanduku zima chini ya kitanda. Akakaanga. Na akaikaanga kwa njia ya mzee. Mama ambaye miaka yote alikuwa anapigania nyeusi, akafunga macho akasikiza, tak, tak-tak, midomo inacheza, na akaitoa ikiwa rangi ya mdalasini. Halafu akachukua kikaango kinafuka akanipitishia mimi. Nikavuta moshi, nikashukuru. Akageuka akaenda mbele ya kiti cha mzee, kile cha plastiki chenye mto, akasimama. Kikaango mkononi. Akangoja.

Moshi ulikuwa unapanda juu ya kiti. Unapinda kidogo pale mtu angekuwa na uso. Mimi nimeona maiti nyingi na sikuogopa. Hapo niliogopa. Hakusogea, na mimi nikaona hatasogea mpaka mtu ashukuru.

Sikupanga. Mdomo wangu hauombi ruhusa. Nikafungua na mzee akatoka: "Wewe mama, leo umeiweza. Kidogo tu ungeichoma."

Kikaango kilianguka kwa meza. Akakaa chini sakafuni, akafunika uso na mtandio, mabega yanaruka, na mimi nikajiambia sasa umeua mtu. Akafungua uso. Alikuwa anacheka. Analia lakini anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Tena," akasema.

Ndio hivyo tu ilianza. Sikuanza kwa ubaya. Kila Jumamosi anakaanga, anapitisha moshi, kikaango kinasimama mbele ya kiti, mzee anashukuru. Halafu vikombe vitatu, fyuuuup, na mzee anasema kuna nini ndani. Kazi hiyo ilikuwa rahisi. Ndimu, alisema ndimu. Zambarau, alisema zambarau. Ulimi ulikuwa wangu na maneno yangu, yeye alikuwa anatoa sauti tu. Na ile kahawa, Mungu anisamehe, haijawahi kuwa tamu hivyo. Sijui ni vile mjane alikuwa anasikiza moto na masikio mawili, ama ni vile tulikuwa tunakunywa kama tumeiazima. Hata kikombe cha mzee tulikiacha kipoe kabisa, halafu mimi nikakionja nikiwa yeye. Baridi, tamu, kama maji yamelala na matunda.

Eda ikaisha na hakutoka. Aliniambia atatoka kesho.

Halafu akaanza kunipunguza mimi. Hiyo nilichelewa kuiona. Nikiingia na habari za ploti, nani amehama, nani ameachwa, anaitikia mm-mm, anaangalia jiko. Nikinyamaza na kukaa kwa kile kiti, anachangamka. Ndio, kiti pia. Mwanzo nilikataa. Halafu akasema sauti ikitoka upande wangu inamchanganya, basi nikahama. Halafu akanipatia kijiko chake. Halafu akaniomba nisiongee haraka.

"Polepole," anasema. "Unamaliza upesi. Akae kidogo."

Nikamweka polepole. Akaniomba niishushe sauti. Nikaishusha. Nikawa naanza na kuguna kwanza, mmmm, kama mtu anaangalia ubao kabla ya kuukata, halafu ndio neno. Mjane alipenda hiyo sana. Alifunga macho kwa huo mguno, akawa kama mtoto aliyefunikwa blanketi.

Na mzee akaanza kuja bila kuitwa. Siku moja mteja aliniuliza nyanya ni za lini. Nikafungua mdomo kumjibu na akajibu yeye, mmmm, polepole, chini huko tumboni. Mteja alirudisha nyanya kwa sinia akaenda. Siku nyingine naosha sufuria peke yangu nikasikia mtu anaguna nyuma ya bega. Nikageuka. Ilikuwa mimi. Nikaanza kuimba nyimbo za kanisa nikiosha vyombo, kwa nguvu, ili mdomo uwe na kazi.

Ningeacha. Nilitaka kuacha. Lakini kila Jumamosi namwona amesimama pale na kikaango, na nafikiria yale maneno yake: siku moja nitaita na haitakuja. Nikaona mimi ndiye nimebeba hicho kitu. Nikikiweka chini, kitavunjika.

Sasa yule msichana wao wa Njiru. Huyo huongea kama karani, kila neno limepigwa pasi: "Shosho, habari za jioni, poleni na kazi." Shosho, yaani bibi, ndiyo mimi. Alikuwa anakuja Jumapili, hakuwahi kutukuta tukikaanga. Jumamosi moja alikuja bila kusema. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Mimi niko kwa kiti, macho yamefungwa, nasema kahawa ya leo ina ukwaju. Nilipofungua macho amesimama hapo na mfuko wa maziwa.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alisema taratibu, kama mtu anarekebisha karatasi: "Huyo ni nani?"

"Ni baba yako," mama yake akasema.

"Mama. Baba hakuwa anaongea hivyo."

Nitasema ukweli: mimi nilikasirika zaidi ya mama. Niambie nyanya zangu zimeoza, nitacheka na wewe. Niambie sura yangu ni mbaya, tutakubaliana. Lakini sauti? Nimeiga watu tangu nikiwa na meno ya kwanza. Nimeigiza mama mkwe wangu nyuma ya mlango na mwanaye mwenyewe akaitika. Huyu wa pasi ananiambia nini?

Mama yake alimjibu. "Wewe umeolewa Njiru unajua nini? Mimi nimelala na huyo mtu miaka arobaini. Wewe ulikuwa unasikia yeye akikugombeza tu."

Msichana akaweka maziwa mezani. Koridoni akanivuta kando. "Shosho, sikulaumu. Lakini mama aliniambia kitu anachoogopa ni kimoja tu. Aliwahi kukuambia?"

"Aliniambia."

"Basi wewe unamfanyia nini?"

"Namwekea hiyo sauti," nikamwambia. "Kila Jumamosi namwekea."

Aliniangalia na yale macho ya baba yake, akashuka ngazi.

Wiki iliyofuata akarudi. Alikuwa amezunguka mpaka kule godaunini, akamtafuta mwanaume mmoja ambaye mzee alikuwa anamfundisha kukaanga. Huyo mwanaume alikuwa mgumu wa kushika mambo, kwa hivyo siku moja aliwasha simu mfukoni mzee akiwa anamwelekeza, ndio akasikize tena nyumbani. Alisahau iko. Msichana alisema alipoisikia alikaa kwa ngazi za godauni akalia mpaka mlinzi akamletea maji. Alikuwa amekuja nayo kama mtu amebeba yai. Hakuwa na vita. Alimshika mama yake mkono, akamkalisha, akasema, "Mama, nimekuletea baba."

Tulikuwa tumeshamaliza kukaanga. Vikombe vitatu vilikuwa mezani, cha mzee kimepoa nusu. Nakumbuka ilikuwa kahawa nzuri sana, ya vile vibahasha vya mwisho tulivyokuwa tumehifadhi. Ilikuwa na ladha ya lile tunda la porini tulikuwa tunakula tukichunga mbuzi huko kwetu, ambalo sijalionja tangu nimeingia Nairobi na hata jina lake kwa Kiswahili silijui. Nilikuwa nimekaa kwa kiti chake. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Msichana akabonyeza.

Kwanza ilikuwa tak. Kahawa inalia. Tak, tak-tak, ndani ya simu, na mjane akainua kichwa. Halafu mtu akaanza kuongea.

Ilikuwa nyembamba. Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, ya juu, inajikwaa kwa maneno kama mtu anashuka ngazi mbili mbili. "Sasa unasikia? Unasikia? Hiyo ya kwanza. Usishtuke, usishtuke, ngoja, ngoja, sasa toa! Toa bwana, unangoja nini, harusi?" Halafu kicheko, na kile kikohozi kidogo mwisho wa kicheko.

Ndiye. Mwili wangu wote ulijua ndiye. Ndivyo alivyonicheka siku ya kasuku. Hakukuwa na mguno hata mmoja. Hakukuwa na kitu polepole. Yule mtu hakuwahi kuongea polepole siku moja ya maisha yake.

Sasa, yule niliyekuwa namtoa kila Jumamosi ni nani?

Nilimjua hapo hapo. Mmmm, chini, kama mtu anaangalia ubao kabla ya kuukata. Mimi nilikuwa na mume. Alikuwa mchonga vinyago, alikufa nikiwa bado naweza kuzaa, hakupenda kahawa, alikuwa mtu wa chai. Mimi sikukaa eda, na hakuna aliyeniuliza sauti yake iko wapi. Nilimzika, nikarudi, nikaweka nyanya kwa sinia. Na huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwa kiti cha watu, na kijiko cha watu, anashukuru moshi wa mke wa mtu. Mimi nilikuwa namshusha sauti mjane akiniomba, ashuke, ashuke tena, na kumbe huko chini kulikuwa na mtu anangoja.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka kumwambia yule mama, dada, msikilize huyu wa simu, ndiye wako, huyu mwingine ni wangu, nisamehe, wamechanganyika. Simu ilikuwa imerudia tena kutoka mwanzo, tak, tak-tak. Msichana analia na anatabasamu, anamwangalia mama yake, anangoja auone huo uso ukifunguka.

Siku hizi mjane yuko Njiru kwa msichana wake. Kwa ule mlango wa hatua tatu amehamia fundi cherehani na familia, watu wazuri, wanakaanga mandazi. Mimi bado nakunywa. Kuna duka huko mjini wanakaanga vizuri, nikitumiwa kidogo naisaga mwenyewe, nakaa karibu na dirisha na kikombe kimoja. Siivuti na kelele. Naishika mdomoni, nikikuta ndimu nakaa na ndimu, nikikuta nyanya nakaa na nyanya, na simwambii mtu, kwa sababu sijui ni nani angeongea.

Siku hiyo ya simu, mama alisikiza mpaka kile kicheko kikaisha mara ya pili. Uso haukufunguka. Aliangalia simu kama mtu anaangalia mgeni amekosea nyumba. Halafu akageuka kwangu, kwa kile kiti, akangoja. Mimi nilikuwa nimeufunga mdomo kwa mikono miwili. Akamgeukia msichana wake.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Huyo mtu mimi simjui."